Picha Isiyo na Mtu

Wiki iliyopita mkamwana wangu alileta chupa ya siki ya kutilia kachumbari. Alipofungua kifuniko, mimi nilikuwa mahali pangu pa kila siku, kwenye kile kiti cha jikoni ambacho kwa miaka hii yote kimeshachukua umbo langu. Nikasimama. Mimi kusimama ghafula ni habari ya kutangazwa redioni, kwa hiyo wajukuu wakaacha kula.

"Nyanya anaenda wapi?" mdogo wao akauliza.

"Haendi popote," mkubwa akamjibu. "Kwani humjui Nyanya?"

Ananijua. Watoto wangu wamenialika Mombasa mara nne, na mara zote nne nimepatwa na mafua. Niliolewa Marani, mwendo wa saa moja tu kwa gari, na siku ya harusi nililia sana. Watu wakadhani namlilia mama, kumbe nililia kwa sababu Marani ni mbali. Sekondari nilipelekwa shule ya bweni. Kabla ya muhula wa kwanza kwisha nilikuwa nimetoroka mara tatu, na mwalimu mkuu hakuhangaika kutafuta. Alimtuma mtu moja kwa moja hadi jikoni kwa mama.

Lakini ile siki ilinifikisha mbali, na bila nauli. Dawa aliyotumia baba kuosha picha ilinuka vivyo hivyo, kali, inayopanda puani na kukutoa machozi. Nilikuwa nimemsahau baba wa wakati ule, baba wa kabla hajatulia.

Baba alikuwa mpiga picha. Studio yake ilikuwa chumba kimoja cha mabati sokoni Keumbu, nyuma ya duka la nafaka, na ukutani lilining'inia pazia lililochorwa bahari, minazi miwili, na meli inayofuka moshi. Ninyi wa rika langu tafuteni kwenye albamu za mama zenu mtaliona: jamaa amekaza shingo kama amemeza mwiko, mkono wenye saa umewekwa juu ya goti ili saa ionekane, na ile meli inamtoka sikioni. Saa ilikuwa ya baba. Koti lilikuwa la baba. Saa yenyewe haikuwa ikitembea, lakini nani alikuja kuuliza majira?

Mimi nilishinda pale nikifagia na kuwashikia watu vioo, na kwa kuwa sikuwa na kazi nyingi ya kufikiria, nilifikiria hiyo hiyo. Nikagundua jambo. Kila aliyepigwa picha aliondoka. Kijana akija kupiga picha ndogo ya kubandika kwenye kitambulisho, wiki ijayo utasikia yuko Kericho anachuma chai. Msichana akipiga picha amevaa gauni jipya, mwezi ujao ameolewa Nyamira. Mwalimu alipiga picha, akahamishwa. Kisha wakaja jirani zetu wa ng'ambo ya kijito, baba, mama, watoto saba, rafiki yangu Kemunto akiwa mmoja wao, wakajipanga wote mbele ya ile bahari. Siku chache baadaye lori likaja. Wakaezua hata mabati ya nyumba, kuta zikabaki zimeyakodolea mawingu macho, wakaenda zao kwenye mashamba mapya ya skimu, yale ambayo serikali ilikuwa ikiyagawa, kule Borabu. Kemunto aliondoka na kamba yetu ya kuruka.

Basi kwangu mambo yalikuwa wazi. Picha hutangulia, kuondoka hufuata. Sikumwambia mtu kwa sababu nilidhani kila mtu anajua.

Kwa hiyo fikirieni hali yangu siku baba alipoanza kupiga picha mlima.

Alianza kwa siri kidogo, filamu ikibaki na nafasi mbili tatu baada ya wateja. Halafu siku moja akamaliza filamu nzima. Mama alikuwa anamenya ndizi, kisu kikasimama.

"Umempiga nani picha kutwa nzima?"

"Nimepiga Manga."

"Nani wa Manga?"

"Si mtu. Mlima wenyewe. Mtu akiingia anaharibu."

"Picha kumi na mbili, Baba Moraa! Sasa mawe yatakuja lini kuzichukua?"

Baba akacheka, lakini hakuketi. Hakuwa mtu wa kuketi miezi ile. Alikula amesimama mlangoni, akiangalia mawingu. Ukimpa kiti, goti lake lilicheza mpaka vikombe vikalia mezani. Usiku wa mvua alifurahi kama mwenye mgonjwa aliyepata nafuu, kwa sababu mvua husafisha hewa, na hewa ikisafishika, alisema, kutoka juu ya Manga unaliona ziwa lote. Hiyo ndiyo picha aliyoitaka. Vilima vyetu vyote vimelala chini, migomba, pareto, chai, halafu mwisho kabisa maji, na asiwepo mtu hata mmoja.

Mama akanifanya mimi breki. Alimwambia baba wazi, mbele yangu mwenyewe: "Utakwenda na Moraa. Mtu mwenye huyu mtoto hawezi kufika mbali."

Sikuona kama ni tusi. Nilikuwa mtoto wa kuchoka kabla ya safari. Basi kila Jumapili nikaburutwa kupanda Manga nimebeba viazi vitamu, baba mbele na kamera yake na ile stendi ya miguu mitatu begani. Umande ulinilowesha hadi magotini. Majani yalinichoma. Kila kona niliuliza, "Tata, tumefika?" naye kila kona alisema tumefika, uongo mtupu, na alipoona nimekaa chini kabisa alirudi na kuniinua kwapani kama debe.

Kamera ile ilikuwa ya sanduku, ya kuinamia. Unatazama chini kwenye kioo kilicho juu yake, na humo ndani unaiona dunia ndogo, imetulia, ina rangi kuliko ilivyo. Jumapili ya kwanza alinifundisha kuitazama. "Kioo kinageuza," akaniambia. "Ukiona ng'ombe anakwenda kushoto, ujue anakwenda kulia." Nikajaribu kwa ng'ombe, kwa mbuzi, kwa mama mmoja mwenye mzigo wa kuni. Kweli tupu.

Tatizo halikuwa kioo. Tatizo lilikuwa watu. Wakati ule maofisa walikuwa wakizunguka kupima mashamba na kuyapa nambari, nao walitembea na vifaa vya miguu mitatu vile vile. Baba akisimika stendi tu pale juu, unasikia mluzi chini, halafu mwingine, na kabla hajafungua jicho la kamera, kila mwenye shamba ametoka mbio kusimama kwenye mpaka wake. Wamenyooka, jembe mkononi, wake zao upande huu, watoto upande ule. Nani alitaka shamba lake lionekane halina mwenyewe?

Karibu kabisa na mahali petu palikuwa na shamba la mzee mmoja, Mzee Ondieki, aliyevaa kofia ya sufu jua na mvua.

"Wewe! Umeniona?" akaita.

"Nimekuona, Mzee. Tafadhali sogea kidogo nyuma ya migomba."

"Nijifiche kwangu? Nani amekutuma?"

"Sijatumwa. Ni picha tu, Mzee. Ya mlima."

"Picha ya shamba bila mwenyewe?" Mzee akamgeukia mkewe. "Unamsikia huyu? Kesho atapiga picha ya sufuria bila ugali!"

Mkewe akacheka mpaka akashika kiuno, lakini hakuuacha mpaka. Mzee akamwambia, "Mama Nyanchama, panga watoto mpaka kule kwenye ule mti. Na huyo mchanga mwinue juu, aonekane."

Jumapili baada ya Jumapili baba aliosha filamu akakuta watu wamesimama kama nguzo za ua kuanzia Manga hadi upeo wa macho. Kuna aliyemwinua mbuzi.

Na mimi nilikuwa upande wa Mzee Ondieki. Yeye alijua anachofanya: picha ikiharibika, hakuna wa kuhama. Kwa sababu Jumapili moja, tukingoja ukungu, baba aliniashiria upande wa pili, mbali, akasema, "Kule ndiko walikohamia kina Kemunto. Nchi imelala vizuri kule, siyo?" Akageuza kamera, akaitazama ile nchi kwenye kioo muda mrefu. Basi ndiyo hivyo. Kwetu pameshapigwa picha, sasa panapigwa picha tunapokwenda.

Tangu siku hiyo sikutulia mimi pia. Mimi, ambaye sifa yangu ilikuwa kutulia! Niliamka nikahesabu mabati. Nilichagua vitu vya kuficha lori likija: kinu, kigoda changu, kuku mmoja mwekundu. Nilizunguka nyumba kama mtu aliyepoteza sindano, mama akaniuliza kama nina minyoo.

Halafu ikaja ile Sabato.

Nyumbani kwetu Jumamosi hakuna moto mpya, hakuna jembe, hakuna pesa, hakuna hata kupiga mluzi. Ijumaa jioni mvua ilikuwa imenyesha ya mawe, na asubuhi hewa ilikuwa safi mpaka ungeweza kuhesabu miti ya kilima cha pili. Baba alivaa suti ya kanisani. Akamwambia mama kwamba yeye na Moraa wangepitia Manga kumwona mgonjwa, watamkuta kanisani. Mama akafurahi, akanifunga utepe kichwani.

Hakukuwa na mgonjwa. Kamera ilikuwa imefichwa studio tangu jana. Nilipanda Manga nimevaa viatu vyangu vya Sabato, vilivyokuwa vidogo hata kwa kukaa, na siku hiyo sikuuliza tumefika. Niliogopa hata kupumua. Baba yangu, aliyekuwa akisimama kusoma fungu mbele ya kanisa zima, alikuwa anafanya kazi siku ya Sabato, na alikuwa anapiga mluzi.

Juu kulikuwa kimya. Nikatazama chini nisiamini. Hakuna mtu. Watu wote wa upande ule walikuwa makanisani, nyimbo zikipanda kutoka bondeni, kanisa hili likianza kabla lile halijamaliza. Mashamba yalikuwa yamelala peke yake, mabichi, yanang'aa kwa maji. Hata mpaka wa Mzee Ondieki haukuwa na mlinzi. Pembeni mwa mteremko palisimama mkaratusi mmoja mrefu, na nyuma ya kila kitu, mahali ambapo siku zote palikuwa na ukungu, palikuwa na ukanda mweupe wa maji kama mtu amefunua sinia.

"Njoo uone," baba akasema. "Njoo haraka, kabla ya jua kugeuka."

Nikainama kwenye kioo. Ziwa lilikuwa lote humo ndani, dogo, limetulia. Sitawadanganya, lilikuwa zuri.

Akapiga filamu nzima, zote kumi na mbili. Kisha akaketi juu ya jiwe na suti yake, goti halichezi, mikono imelala.

"Sasa nimemaliza, Moraa," akasema.

Mtu anayevunja Sabato, na akaketi, na akasema amemaliza. Kwangu lori lilikuwa limeshawashwa.

Tulifika nyumbani kabla mama hajarudi. Baba aliweka mfuko wa kamera nyuma ya jiko, akaenda kijitoni kuosha matope ya viatu. Nilikuwa nimekaa studio miaka ya kutosha kujua kinachoua picha. Nikavuta kile kichuma cha pembeni, mgongo wa kamera ukafunguka, nikachomoa filamu yote kama utumbo wa kuku na kuianika kwenye kamba ya nguo, juani. Nikahesabu hadi mia moja, na kwa usalama nikaongeza hamsini. Kisha nikaiviringisha, nikairudisha, nikafunga. Mama aliporudi kutoka kanisani alinikuta nimekaa kwenye kigoda changu. Baba alimwambia mgonjwa ametuchelewesha. Mama akasema nina uso wa malaika.

Jumapili baba akaingia kwenye chumba cha giza akiimba. Akatoka haimbi. Filamu iliyokunywa mwanga hutoka nyeusi kama makaa, na ile ilikuwa nyeusi mwanzo hadi mwisho, haina hata kivuli cha kilima. Aliishika mbele ya jua, akaigeuza, akaishika tena. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alikuja nyumbani akamweleza mama kila kitu.

"Ulipiga siku ya Sabato?" mama akauliza.

"Sabato."

Mama akafuta mikono yake polepole. "Basi umejibiwa."

Baba hakubisha. Niliuona uso wake, nikajua anaamini. Aliamini kwamba Mungu mwenyewe ameshuka Keumbu akafunika filamu kwa kiganja. Na mimi nimekaa pale, miguu haifiki chini, ninayo siri kwamba Mungu hakuhusika.

Nilifurahi siku mbili nzima. Siku ya tatu mama mdogo alikuja kumsaidia mama kupepeta wimbi, na watu wazima huwa wanadhani mtoto aliyekaa kimya hana masikio.

"Kuna barua," mama akasema. "Rafiki yake aliyeko Mombasa. Kuna hoteli inataka mpiga picha wa kupanda vile vilima vya huko pwani, apige bahari kutoka juu. Wageni wananunua picha zisizo na watu, eti."

"Mungu wangu. Na yeye anasemaje?"

"Barua ina miezi. Alinipa neno lake. Alisema, nikiipata picha moja tu ya Manga, moyo utatulia, nitaichoma hii barua na hutanisikia tena. Ndiyo maana nikamwacha apande." Ungo ukanyamaza. "Nilikuwa naiombea hiyo picha, dada yangu. Sasa anasema, kama Mungu amenifungia Manga, basi amenielekeza kwingine."

Huo ulikuwa wakati wa kusema, na sikusema. Nimejiuliza sana kwa nini. Nadhani niliona aibu si ya kosa, bali ya ujinga. Nilikuwa nimefunga mlango kwa nguvu zangu zote, kumbe yule niliyetaka abaki ndani nimemfungia nje. Badala ya kusema, nilificha kiatu kimoja cha baba ndani ya ghala. Akakipata. Nikajaribu mafua. Mama akaniwekea mvuke.

Asubuhi ya baba kuondoka kwenda Mombasa, mama hakutoka nyumbani. Alisema ana kazi. Alinipa kifurushi cha ndizi za kuchemsha nimfuatie baba kwenye stendi ya basi, nikakimbia, mimi, nikakimbia kutoka kwetu hadi sokoni bila kupumzika hata mara moja, na wenye maduka wakatoka kuangalia kama kuna moto. Basi la Nairobi lilikuwa linanguruma. Sanduku la baba lilikuwa limeshapandishwa juu, naye mguu mmoja uko kwenye ngazi.

"Tata."

"Asante, mama. Leta hizo ndizi. Umsaidie mama yako, usikae tu."

"Si Mungu."

"Nini si Mungu?"

"Filamu. Si Mungu. Ni mimi."

Mguu ukashuka. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza swali la fundi: "Uliifunguaje?"

"Nilivuta kichuma. Nikaitoa, nikaianika."

"Ukaianika?"

"Kwenye kamba. Ili tusihame."

"Tuhamie wapi?"

"Borabu. Kwa kina Kemunto."

Utingo akapiga ubavu wa basi kwa kiganja. "Mzee wa picha, panda twende! Watu wana safari hapa!"

Nilingoja kofi, na ningelipokea kwa shukrani. Baba akachuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu. Alikuwa amekonda, sasa ndipo nikaona.

"Wewe uliitazama," akasema. "Kwenye kioo. Hakuna mwingine aliyeiona duniani, ni mimi na wewe. Uliona nini?"

"Niliona mashamba hayana watu."

"Eeh."

"Na maji meupe kule mwisho."

"Eeh. Na nini tena?"

"Na ule mkaratusi. Kushoto."

"Kulia," baba akasema.

"Kushoto, Tata."

"Moraa, mti ulikuwa kulia. Mimi nilisogeza stendi mara tatu ili uwe kulia."

"Kwenye kioo ulikuwa kushoto."

"Kioo kinageuza! Si nilikufundisha?"

"Basi hata picha ingekuwa kushoto."

"Picha haigeuki! Kinachogeuza ni kioo!" Alikuwa ameokota kijiti, anachora mavumbini, hapa Manga, hapa ziwa, hapa sisi. "Wewe ulisimama hapa. Mti uko wapi?"

"Hapo kushoto."

"Mzee!" utingo akapiga kelele. "Unaenda au huendi?"

"Ngoja kidogo! Huyu mtoto anabisha kitu alichokiona mwenyewe!"

Utingo akapanda juu, akalishusha sanduku, akalibwaga kando yetu kwa hasira. Baba hata hakuligeukia. Alikuwa amefuta mchoro wote kwa kiganja na kuanza upya, mkubwa zaidi, suti magotini imejaa vumbi, wapita njia wameanza kutuzunguka, na mmoja wao tayari anauliza hilo ni shamba la nani.

Mti ulikuwa kulia. Nilijua vizuri kabisa. Nikashikilia kushoto, nikashikilia mpaka machozi yakanitoka kwa kubisha, hadi basi likakata kona na mngurumo wake ukaisha.